Kwenye Kona, Bei Si Moja

Mahindi yakishaanza kukauka mashambani, Songea nzima huwa na mazungumzo mamoja. Ukipita Lizaboni, ukishuka Mfaranyaki, ukipanda gari la kwenda Peramiho, utawakuta watu wakibishana kilo moja inastahili shilingi ngapi. Wapo wanaomsubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, atangaze bei yake. Wapo waliokwisha kumuuzia mfanyabiashara aliyefika na malori mapema. Wengine wameyafungia magunia ndani wakingoja Januari, mwezi ambao chakula huadimika.

Katika msimu mmoja wa karibuni alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mhasibu wa chama cha msingi upande wa Namtumbo. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nina swali la zile hesabu za kona." Nilifurahi mno. Waliosoma sekondari nchini watakumbuka mada ya programu mstari ya Kidato cha Nne: unachora mistari ya vizuizi, unatia kivuli upande usiotakiwa, kisha unazipima kona za eneo lililobaki, kwa maana jibu bora hupatikana kwenye kona. Swali lake lilikuwa hili: chama kina ghala moja, vijiji kadhaa vinaligombea, na bodi imemwagiza aandike bei sahihi ya nafasi ya tani moja. Ameipiga hesabu kwa njia mbili na kupata majibu mawili. Lipi ni sahihi?

Nikamwambia yote mawili ni sahihi, na yote yaliyo katikati yake pia. Kwenye simu kukawa kimya. Jibu la namna hiyo halifafanuliwi kwa dakika mbili, nami mwenyewe nililifikia kwa mwendo mrefu ulioanzia kwenye ghala jingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 baba yangu mdogo alikuwa karani wa ghala la kijiji kando ya barabara ya Njombe. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na kijiji chenyewe ndicho kilichokusanya mazao. Kazi yangu ilikuwa kumshikia kibatari na kurudia kwa sauti idadi ya magunia. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ya kutoka Makambako hadi Songea ilikuja baadaye, miaka ya 1980, kwa fedha za Uingereza. Lori likifika kijijini, watoto tulilikimbilia.

Kufikia Agosti ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Waliochelewa kuvuna walilaza magunia yao nje juu ya magogo. Jioni moja nilimwona mzee akimwomba baba mdogo atoe gunia la mtu mwingine ili la kwake liingie, naye yuko tayari kumlipa mwenye gunia hilo jogoo mzima. Jogoo mmoja kwa nafasi ya gunia moja! Februari iliyofuata ghala hilohilo lilikuwa nusu tupu, na hakuna mtu ambaye angetoa hata yai ili gunia lake liwekwe ndani. Kuta ni zilezile, bati ni lilelile, karani ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mwezi wa Agosti nafasi ilikuwa ndiyo kizuizi, na Februari haikuwa.

Miaka mingi baadaye nilikuta jambo hilo limeandikwa kwa alama za hisabati katika masharti yanayobeba majina ya Harold Kuhn na Albert Tucker, waliyoyachapisha mwaka 1951. William Karush alikwisha kuyafikia katika tasnifu yake ya Chicago ya mwaka 1939, ila ilichukua muda mrefu watu kuitambua. Kila kizuizi kina bei yake, ambayo wachumi huiita bei kivuli. Kizuizi kikiwa na nafasi iliyobaki, bei yake ni sifuri. Bei ikiwa juu ya sifuri, ujue kizuizi kimebana. Nilipoyasoma masharti hayo nilimwona tena yule mzee na jogoo wake kwapani.

Bei hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la kijiji. Iliyoandikwa ni bei ya serikali. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Tanzania ilikuwa imeweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ndilo lililonunua. Gunia la Songea, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, lililipwa sawasawa na gunia la Morogoro. Wakulima wa mbali wakalima kwa bidii. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ndiyo mikoa minne mikuu ya mahindi. Nyumba yetu iliezekwa bati kwa fedha ya bei hiyo, kwa hiyo siwezi kuizungumzia kama mgeni. Lakini gharama ya kilomita zile 900 haikufutika. Ilihamia kwenye hesabu za shirika, mahali ambapo mkulima wala mlaji hakuiona, ikaendelea kukua huko. Mpango ule ulipoachwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, vijiji vya mbali viliupokea umbali wao wote kwa mara moja, katika bei ya msimu mmoja.

Sikuielewa sura hiyo ya historia yetu mpaka nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mhadhiri mmoja alituandikia ubaoni maswali mawili ambayo hayakuonekana kuwa ndugu. Swali la kwanza ni la meneja: una ghala, una mazao ya aina mbalimbali, ulijaze vipi ili upate faida kubwa kuliko zote? Swali la pili ni la mtu wa nje anayetaka kulikodi ghala lote: ni kodi ipi ndogo kabisa kwa kila tani ya nafasi ambayo haitamwacha meneja na sababu ya kukataa? La kwanza linatafuta kikubwa na la pili linatafuta kidogo. La kwanza linahesabu mahindi, la pili linahesabu bei. Akatuonyesha kwamba jibu la mpangaji haliwezi kamwe kuwa chini ya jibu la meneja, na kwamba hesabu zikiwa na umbo jema, majibu hayo mawili hukutana palepale. Huo ndio uwili. Darasa zima lilinyamaza. Nadhani wengi wetu tulikuwa tunahakikisha kama tumesikia vizuri.

Alituhadithia pia habari za Leonid Kantorovich, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda mada hii kwa moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kiwanda cha mbao za plaiwudi kilimfuata mwanahisabati huyo wa Leningrad kikitaka kujua mashine zipewe aina gani za magogo ili kupata mazao mengi zaidi. Mwaka 1939 akachapisha kijitabu cha njia yake. Ndani ya hesabu zile zilijitokeza tarakimu ambazo hakuziingiza yeye: thamani ya kila mashine na ya kila gogo, zikitokana na uhaba wake. Katika nchi iliyofundisha kwamba thamani yote hutoka kwenye kazi, tarakimu hizo zilileta mashaka. Kitabu chake kikubwa juu ya matumizi ya rasilimali kilicheleweshwa hadi mwaka 1959. Mwaka 1975 yeye na Tjalling Koopmans wakapewa Nobeli ya uchumi. Sisi wakati huo ndiyo tulikuwa tunaizoea bei moja ya nchi nzima. Haikuwa kosa kwa serikali kumthamini mkulima wa Songea, nami nitalisema hilo daima. Kasoro ni kwamba bei za vizuizi, yaani za lori, za nafasi, za kilomita, hazikuandikwa kando ya bei iliyotangazwa, ili taifa lione ukarimu wake unagharimu kiasi gani na wapi.

Nirudi kwa yule mhasibu, kwa sababu swali lake limegusa jambo ambalo hata wahadhiri wengi hulipita haraka.

Tuchukue tarakimu za mfano. Ghala linabeba tani 1,000. Mazao ya vijiji vya karibu yakihifadhiwa hadi bei ipande huleta faida ya shilingi 90,000 kwa tani, nayo ni tani 600. Ya vijiji vya kati huleta 50,000 kwa tani, nayo ni tani 400. Ya mbali kabisa, baada ya nauli, huleta 20,000, nayo ni mengi. Mpango bora unaonekana kwa macho: jaza ya karibu, kisha ya kati, na ghala limekwisha. Faida yote ni shilingi milioni 74. Sasa, nafasi ya tani moja ina thamani gani? Ukiongezewa nafasi ya tani moja, utaweka mahindi ya mbali na kupata 20,000. Ukinyang'anywa nafasi ya tani moja, utatoa mahindi ya kati na kupoteza 50,000. Mhasibu alihesabu kwa kuongeza, halafu akahesabu kwa kupunguza. Ndipo yalipotoka majibu yake mawili.

Ukiichora faida dhidi ya ukubwa wa ghala, utapata mstari unaopanda kwa ukali, kisha kwa upole, kisha kwa upole zaidi, ukikunjika kila mazao ya daraja moja yanapokwisha. Tani 1,000 iko sawasawa kwenye kunjo. Mwanafunzi wa kalkulasi ataambiwa kwamba mahali hapo mchoro hauna mteremko, na wengi huachia hapo. Katika miaka ya 1960 watu kama Jean-Jacques Moreau wa Ufaransa na R. Tyrrell Rockafellar wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 bado ndicho msingi, hawakuachia hapo. Walisema mahali hapo pana miteremko mingi: kila mstari ulionyooka unaoweza kuligusa kunjo bila kuukata mchoro unahesabiwa. Miteremko hiyo huitwa subgradienti. Kwenye ghala letu, kila namba kuanzia 20,000 hadi 50,000 ni mmojawapo, na kila mmojawapo ni bei halali ya nafasi.

Jaribu mwenyewe. Toza 30,000 kwa tani: ghala linapata milioni 30, wakulima wanabaki na milioni 44. Toza 45,000: ghala linapata milioni 45, wakulima milioni 29. Jumla ni milioni 74 kote kuwili, na magunia yanayoingia ni yaleyale, kutoka vijiji vilevile. Ndani ya masafa hayo bei haibadilishi hata gunia moja. Inabadilisha nani anachukua nini. Ukishuka chini ya 20,000, mazao ya mbali yatakuja kusukumana mlangoni. Ukipanda juu ya 50,000, vijiji vya kati vitaondoka na ghala litabaki na mapengo. Huko nje ya masafa ndiko bei inakoharibu mpango wenyewe.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza tena, kisha akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, bodi haigombani kuhusu hesabu. Wanagombana kuhusu mgawo." Ndivyo. Alikwenda kwenye kikao, akaandika ukutani mipaka miwili badala ya namba moja, akawaambia wajumbe kwamba kati ya mipaka hiyo uamuzi ni wao na wanachama, na nje yake ni hasara kwa wote. Laiti mabishano ya bei ya kilo ya mahindi, yale ya mitaani na yale ya vikao vikubwa, yangeanza kwa kuuliza mipaka iko wapi! Mara nyingi tunamtuhumu mwenzetu ujinga wa hesabu wakati hesabu yenyewe imekaa kimya na kutuachia haki tuitafute.

Nilirudi Songea kufundisha sekondari miaka ya 1990, mji ukiwa bado unategemea jenereta za dizeli. Kila jioni tulijifunza upya kwamba uhaba una saa zake. Saa tisa alasiri umeme ulikuwepo na wa kutosha. Saa moja usiku taa, redio na mashine za kusaga ziliugombea, mtaa mmoja ukazimwa ili mwingine uwake. Nilitumia hali hiyo darasani. Niliwauliza wanafunzi: kama kila nyumba ingeambiwa bei ya saa moja usiku tofauti na bei ya alasiri, nani angehamisha kazi yake? Binti mmoja ambaye mama yake alikuwa na mashine ya kusaga alijibu bila kusita kwamba wangesaga alasiri. Somo la bei kivuli halikuhitaji maneno zaidi siku ile.

Kipindi kilichonifundisha zaidi kuliko vyote kilikuja mapema miaka ya 2010, chama kimoja cha wakulima kiliponiomba nikisaidie kugawa malori. Malori ya kukodi yalikuwa machache kuliko maombi, na vijiji vilitawanyika: vingine njia ya Mbinga, vingine njia ya Namtumbo, vingine Madaba. Utaratibu wa zamani ulikuwa kikao cha makatibu ambacho mwenye sauti kubwa huondoka na lori. Hakuna katibu aliyekuwa tayari kufungua daftari lake mbele ya wenzake, na sikutaka kuwalazimisha.

Tukajaribu njia ya bei. Jioni nilituma kwa simu namba moja, kodi ya kubuni ya lori kwa siku. Kila katibu, peke yake na daftari lake, alikadiria angetaka malori mangapi kama angelazimika kulipa kodi hiyo, akanitumia jibu. Nilijumlisha. Maombi yakizidi malori, jioni iliyofuata kodi ilipanda kwa kiasi kinachofuata ukubwa wa ziada, yakipungua, ilishuka. Basi. Ile ziada ikigeuzwa alama, yaani malori yaliyopo ukitoa maombi, ndiyo subgradienti ya tatizo la upande wa bei. Hakuna mtu aliyehitaji kujua siri ya mwenzake, na hata mimi sikuzijua.

Njia hii aliianzisha Naum Shor katika Taasisi ya Sibanetiki ya Kiev, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akishughulikia matatizo ya usafirishaji. Nilivutiwa sana kujua kwamba ilizaliwa kutokana na shida za kusafirisha mizigo, kama yetu. Boris Polyak na wengine wakaithibitisha zaidi katika muongo huohuo. Uthibitisho wao una jambo ambalo makatibu wangu walilipata kwa taabu: kwa njia hii, hatua inayofuata inaweza kuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ukiteremka mlima laini, kila hatua inakushusha. Kwenye mlima wenye makunjo, mwelekeo sahihi unaweza kukupandisha kidogo. Kinachohakikishwa, hatua zikiwa ndogo za kutosha, ni kwamba umbali wako kutoka kwenye bei sahihi unapungua, hata kama matokeo ya jioni hiyo ni ya kusikitisha. Katibu mmoja alitaka tuache kwa sababu "jana tulikuwa karibu kuliko leo". Nilimwonyesha kodi za jioni zote kwenye karatasi: ziliruka juu na chini, lakini miruko ilikuwa inafinyika.

Ukubwa wa hatua ndio ufundi wenyewe. Hatua zisipopungua, kodi itayumba milele huku na huku ya jibu. Zikipungua haraka mno, itakwama njiani kabla ya kufika. Kanuni inayokubalika ni kwamba hatua zipungue kuelekea sifuri, lakini jumla yake isiwe na kikomo: nusu, theluthi, robo, na kuendelea hivyo. Nina hakika viongozi wengi wanaopanga bei za mazao wangefaidika kuielewa kanuni hiyo moja tu. Bei inayobadilishwa kwa nguvu ileile kila msimu kufuata kelele za msimu uliopita haitatulia hata siku moja.

Kisha likaja fumbo. Kodi ilipokaribia kutulia, vijiji viwili vya njia ya Mbinga viliruka pamoja: kodi ikiwa chini kidogo, vyote viwili vilitaka malori mengi, ikiwa juu kidogo, vyote vilijitoa. Kwenye kodi sahihi hasa, kuchukua na kuacha kulikuwa sawa kwao. Bei ilikuwa imefika, na bado haikusema malori yaende wapi. Hili hutokea kila mara mahesabu ya kijiji yanapokuwa ya mstari ulionyooka. Dawa yake imo katika nadharia, nayo ni nyepesi: chukua wastani wa majibu ya jioni zote, hasa zile za mwishoni. Kijiji kilichotaka malori katika nusu ya jioni hizo kinapata takriban nusu ya kilichoomba. Tukagawa kwa wastani huo, na makatibu wale wawili wakapeana mikono. Hapo niliona kwa macho kwamba bei nzuri huwaleta watu kwenye meza moja, halafu lazima wazungumze.

Siku hizi vijana wananiuliza habari za akili unde, nami huwaambia kwamba ipo jirani na malori yale. Mitandao mingi ya neva inayofundishwa kwa kompyuta hutumia kipengele chenye kunjo kwenye sifuri: chini yake kinatoa sifuri, juu yake kinanyooka kama mstari. Kwenye kunjo hilo mashine huchagua mojawapo ya miteremko halali na kuendelea na safari, kwa hatua ndogondogo.

Sijasema bado kuhusu mahali ambapo njia ya bei inashindwa, nasi wa Ruvuma tunaishi hapohapo. Tuseme lori ni moja, la tani kumi, na vijiji viwili vina tani saba kila kimoja. Kila kijiji kinataka mzigo wake uende wote au ubaki wote, na kila tani ikifika sokoni inaleta shilingi 100,000. Meneja hana ujanja: atabeba kijiji kimoja, apate 700,000. Upande wa bei, kodi ndogo kabisa inayotosheleza ni 100,000 kwa tani ya nafasi, yaani milioni moja kwa lori zima. Safari hii majibu mawili hayakukutana. Kuna pengo la 300,000, na pengo hilo ni zile tani tatu za nafasi tupu ambazo hakuna bei yoyote inayoweza kuzijaza. Tatizo la upande wa bei lina umbo zuri daima, hata la mahindi likiwa limevunjikavunjika, na kwa sababu hiyo huvutia. Lakini uzuri wake unaweza kukupa matumaini makubwa kuliko hali ilivyo.

Vitu vikubwa vyote vilivyoibadilisha Songea ni vya aina hiyo, vya kuwepo vyote au kutokuwepo kabisa. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, ya karibu kilomita 250, ilituunganisha na gridi ya taifa mwaka 2018, na ile miaka ya jenereta ikaisha. Nusu ya nyaya isingeleta nusu ya umeme. Bei kivuli ya yuniti saa moja usiku ilitupigia kelele miaka mingi kwamba tumebanwa, na kelele hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuweza yenyewe kusema kama nguzo zisimikwe. Barabara ya lami ya miaka ya 1980 ilikuwa hivyohivyo.

Sasa zamu ni ya reli. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yanasafiri kwa malori hadi bandari ya Mtwara kwenye lami ileile inayopitisha mahindi yetu, na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa kwa miaka mingi. Nasikia watetezi wake wakitaja nauli ya lori ya leo kama ushahidi, na wapinzani wakitaja nauli hiyohiyo. Nauli ya leo ni mteremko wa mahali tuliposimama; reli ni mruko wa kwenda mahali pengine kabisa, ambako nauli hiyo haitakuwepo tena. Hesabu yake ipigwe nzima: makaa ya Ngaka, mahindi ya Songea na Namtumbo, kahawa ya Mbinga na korosho za Tunduru kwa pamoja, mara moja reli ikiwepo na mara nyingine isipokuwepo, na tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo iwekwe kando ya gharama ya ujenzi. Tarakimu hizo zibandikwe hadharani, ili karani yeyote wa ghala, kutoka Mtwara hadi ziwani Nyasa, aweze kuzikagua.